Kompyuta ya Nyumba ya Eda

Nianze kwa kukwambia kwamba mimi si mtu wa kuamini ovyo. Ukiniambia simu yako imejizima yenyewe, nitakuuliza iliangukia wapi. Ukisema haikuanguka, nitaigeuza nitafute ufa. Miaka kumi na minne natengeneza kompyuta hapa Garissa, na miaka yote hiyo sijakuta shetani ndani ya kasha. Nimekuta mende, nimekuta mchanga wa kujaza kikombe, siku moja nikakuta mkufu wa dhahabu wa bibi harusi. Kwa hiyo hili ninalokueleza lilinitokea mimi, mchana kweupe, nimeshiba na akili zangu timamu. Ukitaka kucheka, cheka, lakini nisikilize hadi mwisho.

Huku kwetu fundi wa kike ana kazi nyingi kuliko unavyodhani. Katika nyumba nyingi za mji huu mwanamume wa nje haingii kama mwenye nyumba hayupo, hata awe amebeba bisibisi mkononi. Kompyuta ikiharibika, ama ibebwe hadi dukani, ama niitwe mimi. Mimi ni Mmunyoyaya, mtu wa hapa hapa kando ya mto. Kiswahili nimekisema tangu utotoni, na Kisomali nakisikia vizuri ingawa nikikisema wanawake wananicheka. Naingia mpaka vyumba vya ndani, navua viatu, nafanya kazi, natoka. Na siri za watu naziona, wallahi, maana aliyekupa kompyuta yake amekupa na kabati lake la nguo. Kanuni yangu ilikuwa moja: natengeneza chombo, yaliyomo si yangu. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, wakati ule wa joto ambapo hata makorongo ya mjini yanasimama kivulini na midomo wazi. Alinipigia simu mwalimu mmoja wa shule ya msingi anayeitwa Nimo, niliyewahi kumtengenezea kipakatalishi miaka ya nyuma. Akasema kompyuta ya nyumbani kwao inazima ghafla, na kuna kazi moja lazima iishe kabla ya alasiri. Nikamwambia inazima vipi? Akasema ukiandika barua haizimi, ukiperuzi haizimi, ukiipa kazi nzito ya video inakufa papo hapo. Nikatabasamu peke yangu. Garissa, mwezi kama huo, kompyuta inayokufa ikipewa kazi nzito, nani asiyejua ugonjwa wake? Joto tu.

Nyumba yao iko nyuma ya soko la mifugo, yenye ua na mwarobaini mmoja, na mbele yake kuna chumba kimoja kinachotazama barabara, mlango wa chuma, kimefungwa kufuli. Nimo akanipokea, tukasalimiana, na tukipita ukumbini nikamwona mama yake, hooyo kwa lugha yao, Mama Sahra, ameketi kitandani amevaa nyeupe tupu kuanzia kichwani. Nikaelewa. Mzee wa nyumba, Mzee Bare, alikuwa amefariki miezi mitatu nyuma na mjane wake alikuwa bado yuko ndani ya eda. Nikampa pole, akaniitikia kwa sauti ndogo, nikaingia chumba cha kompyuta.

Humo ndani Nimo akanieleza shida yao. Baba yake alikuwa na ndugu, Adeer Yusuf, yaani ami yao, na huyu tangu mazishi alikuwa akisema kiwanja cha nyumba kilinunuliwa na watu wawili, kwa hiyo nusu ni yake. Hakuna karatasi ya kumkanusha. Kulikuwa na kitu kimoja tu: miaka mitatu kabla ya kufa, mzee alijirekodi kwa simu akieleza wasia wake, na humo alisema waziwazi kwamba kiwanja alikinunua peke yake, na ndugu yake fungu lake la ngamia wa baba yao alishalichukua. Sheikh na wazee wangekaa siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri. Video ilikuwa na giza, sauti imefifia, na wazee wale hawasikii vizuri, kwa hiyo Nimo alikuwa ameing'arisha, akasafisha sauti na kuandika maneno makubwa chini. Ilibaki kompyuta iisage yote iwe faili moja, aitie kwenye flashi, apeleke. Na hapo ndipo ilipokuwa ikizima, siku ya nne sasa.

"Abaayo," akaniambia, yaani dada, "video hii isipofika, maneno ya ami ndiyo yatasimama. Hooyo atatoka eda akute nusu ya nyumba si yake."

Unaona uzito wake? Na mimi, nisivyo na dogo, nikaanza kushuku saa hiyo hiyo. Nikamuuliza nani mwingine anaigusa mashine hii. Hakuna. Ami yake amefika hapa wiki hii? Amefika, akaketi ukumbini, hakuingia huku. Alikuwa na nani? Na kijana wake. Na kijana alikuwa wapi muda wote huo? Nimo akanitazama kwa jicho la kuniambia nimezidi, akaenda kutengeneza chai.

Nikazima, nikachomoa waya, nikafungua kasha. Nilichokuta ndani kiliniondolea ami akilini. Kile chuma chenye mapezi kinachokaa juu ya prosesa kuipooza kilikuwa kimezibwa kabisa, si kwa vumbi peke yake, bali kwa vumbi lililogandishwa na utomvu wa rangi ya kahawia, unaonata na kunukia. Nikanusa. Uunsi. Ule ubani wa Kisomali unaopikwa kwa sukari na manukato. Hakuna nyumba hapa mjini isiyoufukiza, na hakuna mwenye nyumba anayekumbuka kwamba kompyuta ina feni, na feni inavuta moshi ndani kila jioni. Nimewaambia wanawake wa mji huu hadi koo limenikauka: msiweke chetezo karibu na mashine. Hawasikii.

Nilipoinua kichwa kutafuta kitambaa, nikaona chetezo chenyewe, pembeni ya mlango kinafuka. Kando yake ameketi bibi mmoja juu ya mkeka, mguu mmoja ameunyoosha, amejifunika shali ya buluu yenye maua madogo ya njano. Sikumwona akiingia, lakini nilikuwa nimeinama ndani ya kasha, kwa nini nimwone? Nilidhani ni bibi wa nyumba au jirani aliyekuja kumliwaza mjane. Nikamsalimu kwa Kisomali changu kibovu, akaitikia kwa kichwa. Nikamwomba kwa adabu, ayeeyo, yaani bibi, moshi huu unaiua mashine, kisogeze chetezo kidogo. Akakivuta kidogo, kiasi cha shibiri moja. Nikasema moyoni, haya, wazee ni wazee.

Nikafanya kazi safi siku hiyo, naapa. Nikakitoa chuma, nikakiosha kwa spiriti na mswaki hadi kikang'aa. Nikaifuta ile krimu ya zamani iliyokauka juu ya prosesa, nikapaka mpya. Nikapuliza feni zote kwa blowa, nikafunga vizuri. Nikawasha programu ya kuitesa prosesa, inayoifanyisha kazi kwa nguvu zake zote, nikaiacha nusu saa nzima. Joto lilipanda, likasimama mahali pazuri, halikusogea tena. Nimo akaleta chai na sambusa, akaona namba, akashusha pumzi. Mimi nikajipongeza na sambusa ya pili.

Kisha nikamwambia nenda kamwangalie mama, nikimaliza nitakuita. Nikaanzisha video.

Ilikwenda vizuri. Kumi, thelathini, hamsini. Bibi kwenye mkeka akaniuliza, kwa Kiswahili chao hiki kinachogeuza herufi, "Umefika wabi, ayeeyo?" Huku bibi humwita mjukuu kwa jina lake mwenyewe la ubibi, ndivyo wanavyobembeleza, na mimi nilifurahi kuitwa hivyo. Nikamwambia sitini na tano, ayeeyo, karibu tunamaliza. Ilipofika asilimia sabini na moja, kioo kikawa cheusi na feni zikanyamaza.

Sikuogopa, nilikasirika. Nikawasha, nikaanza upya, nikikodolea macho namba ya joto. Sitini na nane, sitini na tisa, sabini, joto liko sawa. Sabini na moja, joto likaruka ghafla hadi juu kabisa, mashine ikafa. Sasa niambie wewe. Prosesa inapata moto kidogo kidogo, ndivyo vitu vinavyopata moto. Hairuki. Na joto halichagui namba.

Nikashuku stima. Nikabadilisha pawasaplai nikaweka ya akiba niliyobeba. Sabini na moja. Nikashuku ramu, nikachomoa moja, nikaacha nyingine, nikazibadilisha. Sabini na moja. Nikashuku diski, nikahamisha kazi yote kwenye diski yangu mwenyewe. Sabini na moja. Jasho linanitiririka mgongoni, saa inakwenda, alasiri inakuja, na kila mara naulizwa kutoka nyuma, kwa upole uleule, umefika wabi.

Hapo nikafanya nisilolifanya kamwe. Nilienda kuangalia kuna nini kwenye hiyo sabini na moja.

Palikuwa na mshono. Mzee Bare, mwembamba, kofia kichwani, anazungumza Kisomali polepole. Anamaliza habari za kiwanja na za ngamia, anainua mkono kuendelea, mdomo unafunguka, halafu picha inaruka na mkono uko chini, anafunga kwa dua. Nimo alikuwa amekata kipande. Nikatafuta video ya asili, haikuwa imefichwa mbali, nikasikiliza pale palipokatwa. Mzee anasema, na hapa nakueleza kwa maneno yangu, kwamba mali yote igawanywe kama sharia inavyotaka, isipokuwa chumba cha mbele kinachotazama barabara, hicho anamwachia Kaha. Nikakizima hapo hapo.

Kaha ni nani sikujua. Lakini nilijua kitu nilichokiona. Mtu asiyekuwa mrithi, maana wasia haupewi mrithi, ameachiwa chumba, na jina lake limekatwa kwa mkasi.

Nitakuambia ukweli, kwa sababu bila huu kisa hiki hakina maana. Nilinyamaza. Nilijiambia kanuni yangu, chombo ni changu, yaliyomo si yangu. Nilijiambia kwamba mjane yule maskini atapoteza nusu ya nyumba kwa ajili ya upelelezi wangu. Nikafunga video ya asili, nikarudi kwenye ile iliyokatwa, nikatafuta ujanja wa kuisaga polepole ili prosesa isichoke. Mkono wangu ulikuwa kwenye kipanya wakati bibi aliponiuliza swali jingine.

"Na Kaha?"

Nikageuka. Alikuwa amesogea. Mkeka, chetezo na yeye mwenyewe vilikuwa katikati ya chumba sasa, karibu na kiti changu, na sikusikia hata mchakacho. Hakuwa amekasirika, alikuwa ananiangalia tu, akisubiri jibu. Nikamwambia sijui, ayeeyo, mimi ni fundi. Akachukua uunsi kwa ncha za vidole, akautia kwenye kaa la moto, na moshi haukupanda juu kama moshi unavyopanda. Ulikwenda chini, ukafuata sakafu hadi kwenye kasha, ukaingia ndani.

Mashine ikazima. Sikuwa nimebonyeza kitu.

Nikapapasa ndani ya kasha kwa mkono wa kulia, nikagusa kile chuma nilichokisafisha mwenyewe saa chache zilizopita. Kilikuwa kimejaa utomvu. Mbichi, wa moto, unavutika vidoleni kama sukari inayochemka. Uliniunguza kidole gumba na cha shahada. Nikapiga kelele ya maumivu, nikainama nikavipuliza, na nilipoinua macho chumba kilikuwa na mimi na kompyuta peke yetu. Hapakuwa na mkeka. Pale chetezo kilipokuwa sakafu ilikuwa safi, haina hata jivu.

Unadhani nilikimbia? Nilichofanya ni kuwa mkali, maana nikiogopa huwa mkali. Nimo alipoingia mbio nikamwambia nyinyi mna mchezo gani hapa? Namwomba bibi yenu asichome uunsi kando ya mashine, ananiletea chetezo hadi miguuni, nimeungua, na kazi imeharibika.

Nimo alinitazama kama nimemtukana mamake. Nami hapo ndipo akili iliponirudia, nikaona aibu ikinipanda hadi masikioni. Mjane wa eda hagusi manukato. Havai rangi, hapaki hina, hajifukizi, na nyumba yake haichomwi uunsi mpaka zitimie siku zake. Hili nalijua tangu utoto, mama yangu mwenyewe alikaa eda nikiwa naona. Nilipita mbele ya mwanamke aliyevaa nyeupe, nikaingia chumba cha pili, nikanusa uunsi, na sikujiuliza. Mimi ninayejiuliza kila kitu.

"Bibi gani?" Nimo akasema. "Hapa ni mimi na hooyo."

Nikamweleza. Shali ya buluu, maua ya njano, mguu ameunyoosha. Rangi ikamtoka usoni, halafu ikarudi na hasira juu yake. Akaniuliza nani amenituma. Nikasema hakuna aliyenituma. Akasema Kaha ndiye amenituma, Kaha amenisimulia jinsi bibi alivyokuwa akivaa, na nimekuja kujifanya fundi. Yaani nilikuwa nimemshuku ami, nikamshuku kijana wa ami, nikamshuku na yeye, na sasa zamu yangu ya kushukiwa ikafika, na haina raha, nakwambia. Nikamwambia Nimo, mimi Kaha simjui, jina lake nimelisikia kwa baba yako leo, pale ulipokata.

Na mlangoni amesimama Mama Sahra na nyeupe yake.

"Nimo amekata nini?" akauliza.

Nimo akaanza kulia. Maneno yakamtoka vipande vipande, naye hakuwa mtu mbaya, usimchukie. Kaha ni yatima, bibi yao alimtoa kijijini Hadado mwaka wa ukame akiwa mdogo, akamlea hapa. Bibi alipolala kitandani hawezi kugeuka, ni Kaha aliyemgeuza, aliyemlisha, aliyemfulia, miaka minne. Bibi akafa mwaka juzi, na mzee alipofariki, wiki moja baada ya mazishi Nimo akampakia msichana kwenye lori la kwenda Hadado, akamwambia mama yake kwamba Kaha mwenyewe ametaka kurudi kwa watu wake. Kisa ni kile chumba cha mbele. Kikipangishwa, kitawalisha. "Hooyo, tukimpa Kaha tutakula nini?" alisema. "Mshahara wangu unatosha nini?"

Mama Sahra alinijia, akashika mkono wangu wa kulia, akaunusa mahali pale pa utomvu. Alinusa mara moja, akafumba macho.

"Hii ni ya mama mkwe wangu," akasema. "Aliibika mwenyewe, alitia iliki nyingi. Hakuna mwingine anabika hivi. Alimfundisha Kaha beke yake."

Kisha akasema video iwekwe yote. Nimo akasema, hooyo, mchana umekwisha. Akasema yote.

Sasa nisikilize vizuri hapa, kwa sababu najua watu wa kazi yangu watanicheka. Watasema video nzima haikuhitaji kusagwa, iliingia tu kama ilivyo, prosesa haikuchoka. Hapana. Niliisaga upya kutoka mwanzo, nikaing'arisha, nikasafisha sauti, nikaweka maandishi, na kwa makusudi nikaichagulia mpangilio mzito kuliko wa Nimo, ule mzito wa mwisho kabisa, kwa sababu ya ubishi wangu. Na chuma bado kilikuwa na utomvu, sikukisafisha, hapakuwa na muda. Tulisimama wote watatu mbele ya kioo. Sabini. Sabini na moja. Nimo akanishika bega. Sabini na mbili. Joto halikupanda hata kidogo, hata blowa yangu haijawahi kuleta matokeo kama yale.

Tukaifungua kuhakikisha. Mzee anasema chumba cha mbele ni cha Kaha. Halafu, kipande ambacho sikuwa nimekifikia, anageuza uso pembeni na kusema, mama, umesikia? Mkono ulioshika simu unazunguka, unaonyesha kitanda, na kando ya kitanda kuna chetezo kinafuka. Kitandani yupo bibi, mguu mmoja ameunyoosha, shali ya buluu yenye maua ya njano. Anasema kwa sauti ndogo kwamba amesikia. Anachukua uunsi kwa ncha za vidole, vilevile nilivyomwona, anautia kwenye kaa.

Nikaketi chini. Sijui niliketi muda gani. Nimo alichomoa flashi, akavaa jilbabu, akatoka. Sikudai hata shilingi, na nilisahau pawasaplai yangu ndani ya ile kompyuta. Mpaka leo imo humo, na sina mpango wa kuifuata.

Wazee waliiangalia video yote. Adeer Yusuf alinyamazishwa na maneno ya ndugu yake mwenyewe, na chumba cha mbele kikatajwa kwa jina la Kaha mbele ya watu wote. Mama Sahra hakuweza kutoka kwa sababu ya eda, akamtuma Nimo mwenyewe hadi Hadado kumrudisha msichana. Kaha sasa yuko pale mbele, mlango wa chuma uko wazi. Anauza maziwa ya ngamia asubuhi, na mchana anauza uunsi aliopika mwenyewe. Anampa Mama Sahra chakula bila kuombwa, hilo nimelisikia kwa Nimo, ambaye siku hizi ananisalimu akiangalia chini.

Mimi dukani kwa Kaha sijaingia. Nikipita pale nafuata upande wa pili wa barabara. Si kwamba namwogopa yeye, ni msichana mpole. Ni vidole hivi. Ngozi ilibabuka ikapona, hakuna kovu, daktari angesema hakuna kitu. Lakini harufu haijatoka. Nimeosha kwa sabuni, kwa ndimu, kwa spiriti, hata petroli nimejaribu. Kwa kawaida imelala, siinusi. Inaamka mtu akiingia dukani kwangu na kazi ya aina fulani. Mwezi uliopita alikuja bwana mmoja mzuri kwa sura, ananukia marashi ya bei, akaweka flashi mezani na kusema ana sauti ya marehemu dada yake, anataka maneno yapunguzwe kidogo. Kabla hajamaliza, iliki ilikuwa imejaa puani mwangu. Nikamsukumia flashi yake. Akaniuliza nimeona nini, nami nikamwambia nenda nyumbani.

Kanuni yangu ile ya zamani nimeiacha. Sasa nauliza, na ambaye hataki kuulizwa aende kwa fundi mwingine.

Na wewe, ikiwa umeketi mbele ya mashine yako saa hii, unapunguza maneno ya mtu ambaye hawezi kuyasema tena, na mashine inazima, anza na yale ya kawaida. Safisha feni, paka krimu mpya, angalia stima. Mimi ni fundi, nakushauri uanze hapo. Ikizima mara ya pili penye neno lile lile, usinipigie simu, sitakuja. Geuka polepole, mwangalie aliyeketi nyuma yako, na umjibu anachokuuliza.